Fundi Magodoro Achagua Chumba

Haya nilisimuliwa na shoga yangu, mke wa fundi magodoro, Jumapili iliyopita tukianika nguo, naye akicheka hadi vibanio vikamdondoka mdomoni.

Walikwenda kaskazini, yeye na mumewe, kupumzika siku saba. Huko kumetulia mpaka unasikia jani likianguka. Safari hiyo mke aliingoja miaka na miaka, na sharti lake lilikuwa moja tu: mzee asiguse kazi. Bega la kulia lilikuwa limevimba kwa kushona, na daktari alishamwonya.

"Ukishika sindano," alimwambia kituoni, "napanda gari la kurudi. Sikutanii."

Nyumba ya wageni ya kwanza ilikuwa na dirisha linalotazama ziwa. Mke akaweka mkoba chini, roho kwatu. Mzee akafunua shuka, akabonyeza godoro kwa kiwiko.

"Halirudi. Utalala kama uko ndani ya karai."

Wakatoka. Nyumba ya pili, mzee akajilaza kifudifudi sakafuni achungulie chaga za kitanda.

"Baba, umepoteza kitu?" mwenye nyumba akauliza.

"Usingizi wa mke wangu."

Huko nako hakuuona. Wakatoka tena, jua la mchana kichwani, miguu ya mke inawaka moto.

"Mume wangu, umekuja kupumzika au kukagua?"

"Nimekuja ulale wewe. Nyumbani wateja hawaishi, godoro letu mwaka wa tisa limebonyea, na hujawahi kunisema."

Mke akahamisha mkoba bega la pili, wakaendelea. Kumbe muda wote mzee alikuwa anajua.

Nyumba ya tatu ilikuwa ya bibi mmoja mjane, chumba kimoja, godoro la pamba lenye nundu katikati.

"Hapa hapa," mke akasema. "Sitoki hata mniburute."

Mzee akaitazama ile nundu. Mkono ukaingia mfukoni, ukatoka mtupu.

"Itoe," mke akasema.

"Nini?"

"Hiyo unayoificha kama peremende."

Akaitoa sindano yake ndefu, na uzi wake, ameinamisha kichwa. Mke akampokonya.

"Kaa kwenye kiti. Wewe sema, mimi nashona."

"Haya. Fumua hapo pembeni. Tawanya pamba kwa vidole, usiikabe! Sasa choma chini, ibukia juu."

Bibi mwenye nyumba akavuta kigoda atazame. "Wageni wengine," akasema, "huja na kamera."

"Mishono yako inatangatanga kama kuku," mzee akalalama.

"Nyamaza, mgonjwa."

Walipomaliza jua lilikuwa bado juu. Bibi akaenda zake kujinyoosha. Mzee akajitupa kitandani, na kabla mke hajavua kiatu cha pili, anakoroma. Mke akajilaza taratibu, akipapasa kwa mgongo ile nundu ilipokuwa. Hamna. Akataka kumwamsha amwambie kwamba la nyumbani nalo atalishona mwenyewe. Akafikiria aanzie upande gani, wa ukutani au wa mlangoni, na hapo hapo usingizi ukamchukua.