Mzizi wa Manjano

...au labda moto ulikuwa mkali mno, mzizi ukaungua kabla haujatoa nguvu yake, hapana, moto ulikuwa ule ule, jiko lile lile la makaa, sufuria ile ile, na Acayo ameketi ukingoni mwa kitanda, kikombe mkononi, dawa ya manjano, chungu hata kwa harufu, na mumewe Ocira amelala chali amefumba macho, mbavu zimejichora chini ya shuka, yeye aliyekuwa askari, aliyebeba gunia la mahindi begani kutoka soko la Kalerwe huku anapiga mluzi, leo mtu humgeuza kwa mkono mmoja, mpe basi, unangoja nini, lakini mkono haunyanyuki, tangu alipotoka kwa daktari mkono umekuwa mzito, "Wifi, mvua nakuja," Adong, dada yake Ocira, anaita kutoka uani, "mimi naanua nguo?" anua, anua tu, mvua ya hapa Bwaise hailoweshi nguo peke yake, huingia ndani ikapanda mpaka kwenye magodoro, "Wifi!" kumbe hajamjibu, amejibu moyoni tu, siku hizi mengi anayasema moyoni akidhani watu wamesikia... na mtu asimwambie kwamba dawa ya Mchina ni uongo, kwa kuwa aliona kwa macho yake, vidonda vya utumbo mpana, ndivyo walivyoambiwa hospitali, damu kila aendapo choo, vidonge vikashindwa, ndipo jirani yao Bushira akawatajia duka la mama wa Kichina kule mjini, na yule mama akamshika Ocira kifundo cha mkono, akamtazama ulimi, akafunga vijiti vya manjano kwenye karatasi, akasema kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, "Chungu sana, tumbo napenda," wakacheka njia nzima, tumbo napenda, na kweli tumbo likapenda, damu ikakauka, Ocira akaomba malakwang, mboga ile chachu ya karanga, akaomba aongezwe, Jumapili moja wakashuka hadi Ggaba kando ya ziwa wakala samaki wa kukaanga, akasema, Mama Opoka, ndivyo amwitavyo mkewe, mimi nafufuka, akajilamba vidole, ee Mungu, siku ile ulituonyesha ya nini... halafu homa ya mapafu, akalazwa, akatundikiwa antibaiotiki, kali, chupa juu ya chupa, mapafu yakapona, na Acayo akapiga magoti kwenye sakafu ya wodi akashukuru kuliko wote, hakujua anashukuru nini, maana damu ilirudi, akaurudia mzizi, na mzizi ukawa kama maji ya kuoshea vyombo, akabadilisha sufuria, akabadilisha maji, akamshuku mama wa Kichina kwamba amemuuzia mzizi bandia, akaenda akamfokea mbele ya wateja, na mwanamke wa watu akavunja kijiti akakitafuna palepale, machozi yakamlenga kwa ule uchungu, akameza, akamtazama... kumbe alikuwa mkweli, mzizi ulikuwa mzizi, leo asubuhi Daktari Wangila wa wodi ile amemweleza, alipombana, Mkenya yule mpole anayesema Kiswahili kama mtangazaji wa redio, dada, tumboni mwetu mna vijidudu, bakteria, hawana idadi, na si wote wabaya, wengine ni kama wapishi, mzizi ule ukifika kule bado ni mbichi, mwili hauupokei vizuri mpaka wao waugeuze, sasa zile dawa zilizookoa mapafu zimeua wezi, zikaua na wapishi, "Hawarudi?" "Kwa wengine hurudi. Kwa mzee wako, nionavyo, waliorudi ni wale wa kuumiza tu," "Na kumpasua?" "Mwili wake hautastahimili kisu, dada," "Nikimpa maziwa ya mgando?" "Mpe. Mpe chochote atakachopenda," na hapo akaelewa, hakuelewa kwa maneno, alielewa kwa ule upole, daktari akishaacha kukataza... wapishi, tangu asubuhi anawawaza wapishi, aliombea mapafu, aliombea damu, nani huombea vijidudu, wamekufa humo ndani kimya kimya, hakuna aliyewalilia, na bila chupa zile mapafu yangemmaliza mwezi ule ule, basi huku kifo na huku kifo, wala hakuna mtu wa kumlaumu, angalau angekuwapo mtu wa kufokea, na yeye akarudi nyumbani akasimama mlangoni akasema, daktari anasema tuendelee na mzizi, utashika polepole, akaenda kuwasha jiko, uongo ukamtoka laini kama siagi, na Ocira akaitikia kwa kichwa, sawa, akasema, sawa... "Mama Opoka," macho bado ameyafumba, "dawa iko wapi?" "Iko hapa." "Leta." "Leo ni chungu sana." "Kila siku ni chungu," na uani Adong anaburuta beseni, upepo unapiga mabati, na Ocira anasema, polepole, kama mtu anayeuliza habari za jirani, "Daktari naambia wewe nini kweli?" na Acayo anaanza tena, amesema utashika, polepole tu, "Usisumbuke," anasema Ocira, "mimi najua tangu ile siku ya kutoka wodi, damu naanza tena, daktari nakuja kitandani naniambia yote, ile ya wapishi, mimi namwambia, bibi yangu usimwambie," siku ya wodi, yaani vikombe vyote vile, asubuhi na jioni, alivyokunywa akikunja uso, akisema leo naona nafuu kidogo, "Sasa ulikuwa unakunywa ya nini?" anamuuliza, sauti si yake, na Ocira anafumbua macho, makubwa, ya manjano kidogo, anamtazama vizuri kama alivyomtazama kule kambini Gulu kabla hawajaoana, "Saa ile wewe nachemsha," anasema, "wewe hulii," na matone ya kwanza yanagonga bati, na Ocira anainua shingo kwa taabu, anafungua kinywa, midomo imepasuka, anangoja, na Acayo ameketi palepale ukingoni mwa kitanda, kikombe mkononi, hajakiinamisha, na humu chumbani hakuna tena mtu wa kudanganywa.