Brashi Niliyoichagua Mwenyewe

Brashi ya kunyolea wateja aliyoniachia marehemu baba ilikuwa ya singa, nywele za mkia wa farasi. Ilipopukutika ikabaki mpini, nikaenda Kariakoo kutafuta nyingine. Muuzaji aliniwekea tatu mezani. Ya kwanza ilikuwa ya nyuzi za plastiki, laini, haishiki maji. Ya pili bei yake unanunua mbuzi. Ya tatu ilikuwa ngumu. Nikaipitisha shavuni ikakwaruza vizuri, nikajua hii itasimamisha ndevu kabla ya wembe. Nikaichukua. Kwenye mpini palikuwa na karatasi yenye maandishi ya Kichina, nikaibandua kwa ukucha kwa kuwa ilinata.

Mimi niliyejifunza kusoma kwa vipande vya magazeti vya kufungia maandazi, ninayesoma hata mgongo wa kiberiti, sikuuliza zile nywele ni za nani.

Miezi minne nikanyoa nayo Bagamoyo nzima, yaani ile isiyotaka mashine za umeme. Unailoweka kwenye maji ya moto, unaikung'uta, unaizungusha juu ya sabuni mpaka povu lisimame, kisha unampaka mtu kinyume na ndevu zinavyoota. Siku za mwanzo ikilowa ilinuka zizi. Nikasema ni upya. Harufu ikaisha, nikaacha kuwaza.

Alhamisi alasiri akaingia Nasser.

Mimi si mtu wa kusahau, na la Nasser sijalisahau. Miaka sita iliyopita alikuwa na duka karibu na soko. Nilipata kopo la mafuta ya kupikia lililotoka kwake, nikakaa nalo siku mbili na kamusi, nikakuta ndani yake mna mafuta ya nguruwe. Ijumaa baada ya sala nikasimama kwenye ngazi nje ya msikiti, nikalisoma kwa sauti. Nasser, mtu mzima kunizidi, akasema hakujua. Nikawaambia watu: kuuza anajua, kusoma ndiyo hajui? Wakacheka. Kisha wakaacha kucheka. Wiki ile hakuna aliyenunua kwake hata chumvi. Akahamia Vigwaza. Mpaka leo nasema waliostahili fimbo ni wale wanaotujazia bandari vitu vya maandishi tusiyoyajua. Lakini hao hawapiti nje ya msikiti wetu. Nasser alipita.

"Shikamoo, Mzee Nasser."

"Marahaba."

Akasema asubuhi wamemzika shemeji yake Mikdad huko Kaole, anataka anyolewe. Kwenye benchi alikuwapo Bwanausi akingoja zamu, mtu ambaye ukimwambia neno hapa, linafika Kerege kabla ya gari. Nikamfunga Nasser kitambaa shingoni, nikapandisha povu. Brashi ilipokaribia shavu akanishika mkono, taratibu tu. Akaichukua, akafuta povu kwa kidole gumba, akazipanua nywele kwenye mwanga wa mlango.

"Singa ya farasi haipasuki ncha," akasema, sauti ya chini. "Hii imepasuka kila unywele. Baba yangu alikuwa akiletewa hizi dukani anazirudisha. Hii ni ya nguruwe, Shuaibu."

"Sikujua."

Neno lilitoka kabla sijaliona. Tukatazamana kwenye kioo. Sote wawili tulikuwa tunalijua neno lile.

"Mikdad alinyolewa na nani, siku zake za mwisho?"

Jumatatu nilikwenda mwenyewe Kaole kumnyoa kitandani, na nilimpaka povu mara mbili kwa sababu alisema linamburudisha. Nikaziona nyuso zote, ya imamu, za wazee wa safu ya mbele, wamekwenda kusujudu na mashavu niliyowapakaza mimi.

"Mnanong'ona nini?" Bwanausi akauliza. "Au mzee anataka kuinunua hiyo brashi?"

Nikangoja Nasser apaze sauti. Ningekuwa mimi, ningepaza.

Akakifungua kitambaa mwenyewe, akakikunja, akaniinamia sikioni. "Kesho nasali hapa. Ama usome wewe pale ngazini, ama nisome mimi."

Akatoka na ndevu zake. Bwanausi akaja kukaa kitini. Nikamwambia maji yamekwisha. Akaitazama ndoo, akauliza kama ile iliyojaa ni togwa. Nikasema basi leo nafunga mapema. Akaondoka akigeuka kunitazama.

Nikafunga mlango. Bakuli, taulo, kitambaa, vyote nikaviosha mara saba, moja kwa udongo, kama tulivyofundishwa chuo cha Kurani tukiwa wadogo kuosha kilichoguswa na nguruwe. Kila nilipomaliza kimoja nilijiuliza, na nyuso je? Na Mikdad, nani atamwosha sasa? Nikawasha kiberiti niichome brashi, unywele mmoja ukaungua ukanuka pembe, nikazima. Kuichoma kusingemfumba Nasser mdomo. Nikafikiria kukimbia, ila mtu aliyezoea kuwataja wenzake hadharani atakimbilia wapi, na kila mji una ngazi za msikiti?

Ijumaa baada ya sala nikasimama palepale. Nasser alikuwa ukutani, mikono kifuani, ndevu bado. Watu waliponiona wakasimama. Walikuwa wananijua nikisimama hapo. Wakasogea, wakabanana, na nyuso zao zilikuwa na furaha. Ile furaha niliifundisha mimi, na sikuwahi kuitazama kutoka upande huu.

Bwanausi alikuwa mbele kabisa.

"Leo nani, Shuaibu?"

Nikaingiza mkono mfukoni. Brashi nilikuwa nimeifunga kwa gazeti, na nywele zake zilinichoma kidole kupitia karatasi.

"Mimi," nikasema.

Sauti haikufika mbali. Walio nyuma wakauliza nimesema nani, ikabidi nirudie.