Sikio la Don Nemesio

Kabla hamjanihukumu, jueni kwamba kwetu kompadre hakosolewi mbele ya watu. Don Nemesio Ticona alimshika mwanangu siku ya ubatizo. Tangu hapo yeye ananiita komadre, mimi namwita kompadre, na neno lake kwangu ni la mzazi. Ndiyo maana nilinyamaza miaka miwili. Na mimi, Eulogia Chambi, si mtu wa kunyamaza. Waulizeni madereva wenzangu wa kituo cha Villa Fátima.

Don Nemesio alikuwa fundi wa chama chetu cha madereva kwa miaka thelathini. Magari yetu hupita kileleni kwenye hewa nyepesi, kisha hushuka mabonde ya Yungas kwenye joto na hewa nzito, kwa hiyo moto wa plagi, yaani wakati cheche inapowaka, hurekebishwa njiani. Juu unauwahisha, bondeni unauchelewesha. Ukiuwahisha kupita kiasi bondeni, injini inagonga, inachemka, mwisho pistoni inatoboka. Ukiuchelewesha mno, gari linakunywa petroli kama mlevi wa Karnivali na mlima halipandi. Wengine hutumia taa maalumu inayoonyesha cheche inawaka lini. Yeye alitumia sikio. Alilegeza distribyuta, kile kifaa kinachogawia plagi moto, akaizungusha mbele polepole huku akivuta mafuta kwa kidole, mpaka asikie injini inaanza kugonga kidogo, kisha akairudisha nyuma upana wa ukucha. “Hapo ndipo,” alikuwa akisema, akikaza. Waliotaka kupiga alama ya rangi mahali pa kukazia aliwacheka, akasema alama ni za viziwi.

Basi sikio lenyewe likafa. Niligundua baada ya Karnivali ya mwaka juzi. Alinirekebishia gari, na kwenye mwinuko wa kwanza injini ikaanza kulia kama mahindi kikaangoni. Nikasimama kwenye kona, nikatoa spana, nikarudisha moto mwenyewe. Mara ya pili ikawa vilevile. Ikawa desturi: yeye anatengeneza, mimi nafika kona ya pili natengua. Wenzangu walitoboa pistoni mmoja baada ya mwingine, na mzee akawatukana kwamba hawajui kuendesha. Aliwaambia watazame gari la komadre, mkono ni uleule. Nami nikainamisha kichwa kama mtu mwenye adabu. Adabu gani! Ulikuwa woga mtupu.

Mwishowe chama kikachoka. Wakataka karakana apewe Grover Apaza, fundi anayetumia ile taa. Don Nemesio akaomba jaribio moja: gari langu, limejaa magunia ya machungwa, kutoka Yolosa bondeni hadi La Cumbre kileleni, kwa lita kumi na tatu tu za petroli, na yeye ndiye atakayerekebisha moto. Tukifika, anabaki. Tukishindwa, anakabidhi funguo siku hiyohiyo, na ndani ya karakana ile ndimo alimokuwa akilala tangu mkewe afariki. Don Casiano, katibu wa chama, atakaa nyuma juu ya magunia na daftari lake.

Yolosa, saa nne asubuhi, jua kali. Mzee akainama kwenye injini. Nilisikia kugonga mara tu kulipoanza. Yeye akaendelea kuzungusha mbele, uso umetulia, akatabasamu, akarudisha upana wa ukucha. “Hapo ndipo.” Akakaza, akaketi kando yangu. Nilitamani ardhi inimeze.

Tukapanda. Sisi wapandaji hukaa upande wa mlima, wanaoshuka ndio huning'inia ukingoni, lakini siku ile ningefurahi kubadilishana nao. Injini iligonga kila nilipokanyaga. Don Casiano akaacha kutafuna majani ya koka, akaniuliza kupitia dirisha la nyuma ni nini hicho kinachogonga. Nikamwambia ni mawe yanaruka chini ya gari. Don Nemesio alikuwa akitazama barabara. Hata swali hakulisikia.

Mshale wa joto ukaanza kupanda. Nikalegeza mguu.

“Kanyaga, komadre,” akasema. “Ukilibembeleza hivyo watasema umenisaidia.”

Nikakanyaga. Gari lile lilisomesha wanangu watatu. Pistoni ikitoboka, nimekwisha, na yeye amekwisha pamoja nami. Nikisimama, namvua nguo mbele ya katibu. Mshale ukagusa nyekundu. Nikasimama.

Nikamwinamia nikamnong'oneza: “Kompadre, inagonga.”

“Nini?”

“Inagonga, kompadre.”

“Sema, komadre, kwani una kidonda cha koo?”

Siri ya kiziwi hainong'onezwi, jamani. Nikapiga kelele: “INAGONGA! INAGONGA TANGU YOLOSA, NA WEWE HUSIKII!”

Don Casiano akafunga daftari. Mzee akashuka, akafungua boneti, akaweka kiganja juu ya injini akanifanyia ishara nivute mafuta. Nadhani alihisi kitu, kwa sababu alikaa vile muda mrefu.

“Tangu lini?” akauliza.

“Nimekwambia, tangu Yolosa.”

“Sikuulizi leo.”

Nikamwambia yote, kwa sauti kubwa, kila neno: miaka miwili, kona ya pili, spana. Alinisikiliza akitazama midomo yangu.

“Fermín alitoboa pistoni, nikamwita mjinga mbele ya mkewe,” akasema. “Ungeniambia, ningelia siku moja, kesho yake ningenunua ile taa. Wewe ukaliponya gari lako peke yake.”

Akanikabidhi spana.

Tukasubiri injini ipoe, nikachelewesha moto mpaka kugonga kukaisha. Mzee akaenda kuketi nyuma juu ya magunia, Don Casiano akaja mbele. Pale Unduavi, hewa ilipoanza kuwa nyepesi, nikauwahisha tena, na gari likapanda bila kulalamika. Tulifika La Cumbre kwenye ukungu na baridi, petroli imebaki kikombe.

Don Casiano, mtu wa huruma, akasema yeye ameandika kwamba tumefika kwa lita kumi na tatu, na mengine yalichukuliwa na upepo. Don Nemesio akamsoma midomo, akatikisa kichwa.

“Andika nani alirekebisha,” akasema. “Halafu uandike funguo zimekabidhiwa.”

Akazitoa mfukoni, akampa palepale. Kisha akaja mbele ya gari, injini bado inaunguruma, akainamisha kichwa kama alivyofanya miaka thelathini.

“Inaliaje sasa, komadre?”

“Vizuri,” nikasema.

“Vizuri ni nini? Nieleze.”

Nikajaribu. Nikamwambia imetulia, inavuta sawasawa, hakuna chuma kinachogusa chuma. Akaniomba nirudie. Nikarudia, kwa sauti ya kumfikia, huku machozi yananitoka na Don Casiano ametugeuzia mgongo.