Nakala za Sekunde Mbili

Katika nyumba ile hakuna aliyekunywa chai ya Jumamosi kabla kompyuta haijanakiliwa. Sheria hiyo ilijulikana na kila mtu, hata na wageni waliokuja kulala siku mbili, na aliyeitunga, mkunga mstaafu mwenye nyumba, hakuwahi kuona haja ya kuieleza mara ya pili. Barua pepe, picha, hati na maandishi yote yaliyokuwamo katika mashine ya sebuleni yalinakiliwa kwenye flashi, kisha kazi ikaandikwa katika daftari lililoning'inia ukutani kwa uzi. Daftari hilo lilikuwa na safu sita alizozipiga mwenyewe kwa rula: tarehe, saa ya kuanza, saa ya kumaliza, uzito, aliyenakili, aliyehakiki.

Neno "uzito" lilikuwa lake. Mtu aliyepokea watoto wodini kwa miaka thelathini na minne hawezi kuona kitu kikitoka mahali kwenda pengine bila kukipima. Ukubwa wa nakala ulioonekana kwenye skrini aliuita uzito, akaulinganisha na wa wiki iliyotangulia, na wiki ambayo uzito ulipungua badala ya kuongezeka aliirudia kazi tangu mwanzo. Ilimchukua saa nzima, wala hakunung'unika.

Ndipo akaja mkwe.

Mkwe huyu alimwoa binti yake wa pekee, mshonaji wa sare za shule, akahamia pamoja naye katika nyumba ile kwa miezi michache wakati nyumba yao ikijengwa. Miezi hiyo michache ilikuwa imeingia mwaka wa tatu, na nyumba haijapita usawa wa madirisha. Mtaani walimwita Injinia. Jina hilo hakupewa na chuo chochote kile. Alilipata kwa kuvaa flashi shingoni kama kitambulisho, kwa kusema "mfumo" pale ambapo wengine husema "mambo", na kwa kusimama nyuma ya kila aliyeketi mbele ya kompyuta, akipumua. Alikuwa mtu wa kuisahihisha redio.

"Saa nzima, Mama?" alimwambia mkunga Jumamosi moja. "Kwa nakala tu? Kitaalamu hii ni kazi ya sekunde mbili."

"Sekunde mbili hata chumvi haiyeyuki."

"Niachie mimi, utaona. Wewe umeshahangaika vya kutosha."

Mkunga alimwachia. Hakumwachia kwa kumwamini, maana alimwona mtu mwepesi kuliko karatasi ya kufungia andazi. Alimwachia kwa sababu hakuweza kuvumilia pumzi ile shingoni mwake pamoja na mafundisho yaliyoandamana nayo. Aliona heri akae jikoni asimsikie. Tangu siku hiyo Injinia aliketi, akabofya, akachomoa flashi, akatia saini yenye mikia mitatu, akapaza sauti: "Chai!"

Hakuishia hapo. Sanduku la barua pepe la mkunga lilipojaa kule mtandaoni, alijitolea kulipanga upya, ili kila barua ivutwe hadi katika mashine ya nyumbani na kufutwa kule ilikotoka. "Kule ni kama gesti, Mama," alieleza. "Barua zako zilale nyumbani kwako mwenyewe." Maneno hayo aliyapenda mno, akayarudia kwa majirani.

Barua zenyewe hazikuwa za salamu. Kwa miaka kumi na mmoja wakunga aliowafundisha, waliotawanyika katika zahanati za mbali, walimwandikia kila walipokwama: kondo la nyuma limegoma kutoka, mtoto amezaliwa wa bluu, mama anavimba uso na daktari yuko umbali wa siku nzima. Mkunga aliwajibu wote, hatua kwa hatua. Kutokana na maswali na majibu hayo alikuwa ametunga kitabu cha kurasa mia mbili na kumi, na chuo cha wakunga kilikuwa kimekubali kukiweka mikononi mwa wanafunzi wapya themanini kabla hawajaingia wodini. Siku ya kukikabidhi ilikuwa Jumatatu. Kitabu kilikuwa ndani ya mashine ile, na barua zote zilizokizaa zilikuwa humo humo.

Jumatano asubuhi mashine ilianza kugonga ndani kwa ndani, kama ukucha juu ya kopo. Kisha skrini ikawa nyeusi.

"Usihofu, Mama," alisema Injinia, akiipapasa flashi kifuani. "Ndiyo maana mimi nipo."

Fundi wa kompyuta alikuwa mwanamke mfupi wa makamo, mwenye chumba kimoja kando ya kituo cha posta, meza iliyojaa mashine zilizofunguliwa matumbo, na desturi ya kutosema neno mpaka amalize anachofanya. Aliitoa diski, akaiweka sikioni, akaijaribu kwenye mashine yake mara mbili, akaiweka kando.

"Hii imekwisha. Hapa kwangu haifufuki, na sijui kwa nani itafufuka."

"Haina neno, fundi," alisema Injinia, akivua flashi kwa madaha ya padri avuaye stola shingoni. "Tumejipanga. Nakala za kila wiki, mwaka na nusu sasa. Mrudishie tu Mama vitu vyake kwenye diski mpya."

Fundi alichomeka. Vikatokea vijipicha kumi na vitano vilivyopangwa vizuri, kila kimoja na jina lake: Kitabu, Barua, Picha, Wanafunzi. Akabofya Kitabu. Hakikufunguka. Akabofya Barua. Hakuna. Akasogeza uso karibu na skrini, akacheka kwa pua.

"Nani aliyenakili?"

"Mimi hapa," alisema Injinia. "Kuna tatizo la mfumo?"

"Unaona hivi vishale vidogo pembeni ya kila kijipicha? Hizi ni njia za mkato tu, kaka. Kazi yake ni kukuonyesha faili liko wapi ndani ya kompyuta yako. Faili lenyewe halimo humu. Ni kama umeng'oa vibao vya milangoni ukavitia mfukoni, nyumba ukaiacha iungue."

"Haiwezekani! Mimi kila nikimaliza nabofya, na vinafunguka!"

"Ulikuwa unavibofyea wapi?"

"Nyumbani."

"Kwenye mashine ile ile?"

Injinia alipapasa kifuani, pasipo na flashi sasa.

"Basi vilikuwa vinafungua vitu vilivyokuwa kwenye mashine ile ile. Siku zote."

"Labda ni virusi," alisema Injinia kwa sauti ndogo. "Virusi vya siku hizi vina uwezo huo."

"Ukubwa wa vyote kumi na vitano," aliendelea fundi, kana kwamba hakusemeshwa na mtu, "haufiki hata picha moja ya pasipoti. Hamkuwa mnaangalia ukubwa?"

Mkunga alikuwa amesimama mlangoni na mkoba wake kwapani. Alimtazama mkwewe kama alivyowatazama zamani wanafunzi waliokuja wodini na kucha ndefu, akatoka nje.

Njia nzima alimtafuna moyoni. Huyu ndiye aliyejaza sebule kwa maneno makubwa makubwa! Mtu mzima, mwenye ndevu, amenakili vishale kwa mwaka na nusu, tena kwa saini ya mikia mitatu! Nyuma yake Injinia alizidi kujitetea kwamba kampuni zinazotengeneza mashine hizi ndizo zinazowachanganya wananchi, na kwamba yeye binafsi alikuwa na wasiwasi na diski ile tangu zamani, ila hakutaka kumtia Mama hofu.

"Nyamaza," mkunga alimwambia walipofika kwenye geti, na lilikuwa neno lake la kwanza.

Sebuleni alilishusha daftari ukutani, akalifungua mezani mbele ya binti yake, ambaye alikuwa ameacha cherehani na pini bado ziko mdomoni.

"Hesabu saini za mumeo."

"Mama, mwenzio alikuwa anasaidia tu."

"Kusaidia! Aliyemzuia kusaidia katika nyumba yake isiyo na paa ni nani? Hesabu."

Binti alizitoa pini mdomoni, akahesabu. "Sabini na nane." Kidole chake kilirudi juu, kikashuka tena polepole, safari hii katika safu nyingine. "Mama, mbona uzito haujaandikwa?"

"Kwa sababu mumeo hakupima kitu."

"Najua. Lakini na wewe umetia saini."

Mkunga alivaa miwani. Safu ya uzito ilikuwa tupu tangu Jumamosi ya kwanza ya Injinia hadi ya mwisho. Na katika safu ya mwisho, chini ya neno "aliyehakiki", zilikuwapo herufi zake mbili za jina, zimeandikwa kwa mwandiko ule ulionyooka aliochapwa viboko vya vidole ili aupate. Zilikuwapo mara sabini na nane.

Alikumbuka jinsi alivyoziandika. Injinia alimletea daftari jikoni, naye alilitia saini akiwa amesimama, kijiko mkononi, bila kulitazama, ili yule mtu aondoke upesi. Hakutaka kukaa naye hata dakika moja mbele ya mashine. Alimdharau kiasi cha kutokuwa na nafasi ya kumkagua. Wodini hakuna mtoto hata mmoja aliyetoka mikononi mwake bila namba katika safu ya uzito, na muuguzi aliyemletea kadi tupu alirudishwa mbio. Huyu hakumrudisha. Alikuwa amemwona mpumbavu tangu mwanzo, na bado alimwekea saini mara sabini na nane.

"Unaona, Mama?" alisema Injinia, akinyanyua kichwa. "Kitaalamu hilo tunaliita kosa la pamoja."

"Lako na langu si kosa moja," alisema mkunga. "Wewe hukujua. Mimi nilijua. Leta kiti hapa."

Alichomoa simu yake, akaiweka katikati ya meza, akaweka na orodha ya namba za wakunga arobaini na mmoja waliokuwa wakimwandikia. Barua walizoandikiana huenda zilikuwa bado kwao, na zingeombwa. Lakini hazingeombwa kwa ujumbe mmoja wa kupelekewa wote. Kila mmoja angepigiwa, sauti ya simu iwe wazi kwa wote, na aliyetia saini katika safu ya tano angeanza kusema.

"Nitasema nini sasa?"

"Ulichofanya."

Simu ya kwanza aliifungua hivi: "Habari za kazi, dada. Kutokana na changamoto za kiufundi zilizojitokeza katika mfumo wetu..."

Mkunga alikata simu. "Tena."

"Habari za kazi. Kulitokea hitilafu..."

Alikata tena. "Ilitokea yenyewe?"

Mara ya tatu jasho lilimtoka. "Mimi ni mkwe wa Mwalimu. Nilipewa kunakili barua zenu kila wiki. Sikuzinakili. Niliandika kwamba nimezinakili." Kisha mkunga aliinama juu ya simu na kusema sehemu yake: "Nami niliandika kwamba nimehakiki, na sikuhakiki. Kama una barua zetu, naomba unirudishie."

"Mwalimu?" ilisema sauti ya upande wa pili. "Ni wewe kweli? Wewe uliyenirudisha wodini usiku wa manane kwa sababu ya mapigo ya moyo ambayo sikuyahesabu?"

"Ni mimi."

"Haya," ilisema sauti, na ndani yake kilikuwamo kicheko kilichokuwa kikizuiliwa. "Nitatafuta."

Kazi iliwachukua Alhamisi yote na Ijumaa yote. Wengine walimhurumia mkunga, jambo lililomchoma kuliko kucheka kwao. Mmoja alimuuliza Injinia kama aliolewa au alioa. Mwingine alimtaka arudie maelezo ya vishale, kisha akamwita mwenzake aje asikilize, na Injinia akarudia. Kufikia simu ya thelathini neno "mfumo" lilikuwa limemhama kinywani, na ya arobaini na moja aliimaliza kwa sentensi nne fupi, kama mtu yeyote mwenye akili.

Wakunga kumi na tisa walikuwa na barua. Waliobaki walikwisha kubadili simu, au walizifuta, au hawakujua kwamba zilipaswa kuwekwa. Za mama anayevimba uso zilipatikana mbili tu. Kitabu chenyewe hakuna aliyekuwa nacho, kwa kuwa mkunga hakutaka mtu akione kabla hakijakamilika. Kingeandikwa upya, na Jumatatu isingekingoja.

Jumatatu alikwenda chuoni peke yake. Mkuu wa chuo, ambaye naye alikuwa mwanafunzi wake, alimsogezea kiti. Mkunga hakuketi. Alieleza akiwa amesimama, mikono pembeni, bila kulitaja neno mkwe hata mara moja.

"Wanafunzi themanini wataingia wodini bila kitabu," alisema mkuu.

"Ndiyo."

"Na cha mwakani?"

"Kitakuwapo. Kitapimwa."

Kisha akafungua mkoba na kutoa barua yake ya uteuzi. Tangu astaafu alikuwa mtahini wa heshima wa chuo kile. Hakuna mkunga aliyehitimu bila saini yake kwamba amemwona akifanya kazi kwa macho yake mwenyewe. Aliiweka mezani, na juu yake karatasi ya kujiuzulu.

"Mwalimu, hili halina uhusiano. Hayo ni mambo ya kompyuta ya nyumbani."

"Saini ni ile ile."

Mkuu aliona hapakuwa na mahali pa kubishia. Alivaa miwani, akaivuta karatasi, akaisoma yote, mstari kwa mstari, na pande zote mbili. Ndipo akachukua kalamu, akatia saini ya kupokea.