Mtu Hajitui

"Umeacha nini? Hebu niambie, Mbwana, umeacha nini? Kula hujaacha, kukoroma hujaacha, kujikuna hujaacha! Umeacha kazi tu!"

"Punguza sauti, mwanamke."

"Sipunguzi! Majirani wote wanajua, nimfiche nani?"

Mwantum alikuwa amesimama katikati ya nyumba, mwiko mkononi, unga wa uwele umemganda mpaka kwenye viwiko. Mumewe kakaa kwenye kigoda, mgongo ukutani, mikono magotini, katulia kama mtu aliyekuja kuposa. Siku ya tatu hiyo. Siku tatu mtu mzima, hana homa, hana kidonda, hana hata jipu, amekaa ndani ya tembe yake pale Mkonze na jua linawaka nje. Ukimuuliza ana nini, anakujibu neno moja tu: nimetua.

"Na ngata yake!" Mwantum akamgeukia Yahaya, mpwa wa mumewe, aliyekuwa ndio kwanza ameingia, jasho linamtiririka. "Ile ngata aliyobebea mizigo tangu wewe hujazaliwa. Unajua kampa nani? Kampa kuku atagie!"

Yahaya akaangalia pembeni. Kweli bwana. Kuku mwekundu kajikunja ndani ya ile duara ya majani na matambara, anawatazama wote kama yeye ndiye mwenye nyumba.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba."

"Mjomba, inuka. Mzigo uko stesheni."

"Uko stesheni, basi haupo hapa. Mbona unapiga kelele?"

Sasa elewa. Mbwana hakuwa mpagazi hivi hivi. Ule ulikuwa mwaka wa pili tangu gari la moshi la Wadachi lifike Dodoma, na watu walidhani reli imeua upagazi. Wapi! Gari lilikuwa linatema makasha pale stesheni, halafu makasha yanataka kwenda Kondoa, na Kondoa hakuna reli, kuna miguu. Na katika miguu yote iliyokuwa inapanda njia ile, miguu ya Mbwana ndiyo iliyokuwa inaitwa kwa jina. Walimwita Mbwana wa Vioo. Miaka thelathini, Bagamoyo mpaka Tabora, Kilimatinde, Kondoa kwao alikozaliwa, hajawahi kuvunja hata chemni ya taa. Wanasema aliwahi kuvuka Mto Bubu umejaa, maji yako kifuani, kasha la chupa liko kichwani, akatokea ng'ambo na chupa hazijagongana hata mara moja.

Na siku hiyo kasha lililokuwa linasubiri lilikuwa la vioo vya madirisha. Frasila mbili na ushee. Huwezi kulifunga kwenye mti wakabeba watu wawili, maana wakipishana hatua tu, vioo vinakuwa unga. Kinatakiwa kichwa kimoja. Petro, mnyapara wa wapagazi, alikuwa amesema kichwa chenyewe anakijua, na Yahaya, kwa mdomo wake mwepesi, akamwambia mbele ya watu: "Tulia mnyapara, mjomba wangu namleta mimi."

Lakini hicho sicho kilichomtoa mbio kutoka stesheni. Kilichomkimbiza ni hofu. Alimkumbuka mzee Chilongani wa Makutupora, mpagazi mwenzake mjomba, aliyesema amechoka, akaketi wakati wa mvua za kwanza, na uwele ulipovunwa yeye hakuwepo kuula. Watu wakasema, kazi ikikuacha, kifo kinakuokota. Yahaya alikuwa amelelewa na mjomba huyu. Hakutaka aokotwe.

"Mjomba, tunatoka kabla jua halijakaa kichwani. Inuka, nakuomba."

"Nimetua, mpwa wangu."

"Umetua nini? Nani kakutua? Si wewe mwenyewe ulinifundisha, mtu hajitui?"

Hapo Mbwana akageuza macho kidogo. Maana ni kweli, lilikuwa neno lake. Mzigo wa kichwani, mzigo wa kweli, huwezi kujitwika na huwezi kujitua. Mwenzako anakusaidia kuupandisha, mwenzako anausimamia kuushusha. Ukijitua peke yako unavunja mzigo, au unavunja shingo.

Kabla hajajibu, mlango ukatiwa kivuli. Petro mnyapara mwenyewe, kaja na kofia yake nyekundu, kainama kupita, maana milango ya tembe haina heshima kwa mnyapara.

"Hodi humu! Nasikia kuna mgonjwa."

"Hakuna mgonjwa," Mwantum akasema. "Kuna sultani. Karibu umsujudie."

Petro akacheka mpaka akashika ukuta. Halafu akakohoa, akavaa sura ya kazi. "Mbwana, ndugu yangu, vile vioo visipotoka leo, mimi nitalambwa viboko hamsa wa ishirini pale bomani, na mgongo wangu si wa chuma. Una nini?"

"Nimetua."

"Mtu hatui akiwa na miguu!" Petro akapaza sauti. "Nani umemwona kaacha kazi na ana miguu? Mimi nimemsikia mmoja tu, tena si hapa. Yule fundi Mdachi wa reli aliniambia, kwao mtu akizeeka anaambiwa keti. Basi anaketi. Na chakula kinamfuata."

"Kinaletwa na wanawe," akasema Mwantum.

"Hata kama hana mtoto!"

"Hana mtoto, na chakula kinakuja?"

"Kinakuja! Kila mwezi, mpaka afe."

"Nani anampa?"

"Serikali. Kaizari."

Hata Yahaya alisahau haraka yake. Akajaribu kumpata yule mzee wa Ulaya kichwani mwake, mzee hana mtoto, hana ng'ombe, hana shamba, kakaa mlangoni, na Kaizari mwenyewe anakuja na bakuli, anapiga hodi. Ikamshinda.

"Uongo," Mwantum akasema, lakini pole pole.

"Haki ya Mungu."

"Na mkewe? Naye anaambiwa keti?"

Petro akajikuna chini ya kofia. "Hilo sikuuliza."

"Ungeuliza."

Mbwana akatabasamu, mara ya kwanza siku hiyo. "Basi Kaizari si mjomba wangu. Petro, kakae. Yahaya, njoo hapa. Leta mkono."

Yahaya akasogea. Mbwana akainamisha kichwa, akaushika mkono wa mpwa wake na kuuweka juu ya utosi.

Yahaya nywele zikamsimama. Aliishi na mtu huyu tangu mdogo na hakuwahi kumgusa kichwa, nani anamgusa mkubwa kichwa? Palikuwa na bonde pale. Bonde kabisa, mfupa umedidimia, ungeweza kuweka yai likakaa. Ngozi yake ngumu kama pembe ya ng'ombe, unywele haukuota hata mmoja.

"Hiyo ni Bagamoyo," Mbwana akasema. "Hiyo ni Tabora. Hiyo ni Kondoa, siku zile za njaa. Njia zote ziko hapo. Sasa nisikilizeni, halafu mseme mnavyotaka. Safari iliyopita, tukirudi kutoka Kondoa, tulilala Haneti. Tukafika jioni, watu wakanitua. Wewe mwenyewe, Yahaya, ulikuwa mmoja wao."

"Nilikuwepo."

"Nikabaki nimesimama. Nikaona wenzangu wanaketi, wanawasha moto, mimi nasimama tu. Nikakuita. Nilikwambiaje?"

Yahaya akakumbuka, na uso ukampata moto. "Ulisema, njooni mnitue."

"Nanyi mkafanyaje?"

"Tulicheka, mjomba. Tulidhani unatutania."

"Sikuwa nawatania. Mzigo mliutua, lakini kichwa hakikuambiwa. Nilikula nao. Nilikwenda haja nao. Nililala nimekaa, naogopa nikilala chali utavunjika. Toka Haneti mpaka hapa nimekuja nao, na njia nzima sikuwa na kitu kichwani, mlimpa mwenzetu Swedi kasha langu, nimekuja mikono mitupu. Hizi siku tatu nimekaa hapa. Mnasema sina kazi. Ninayo. Nimebeba."

Nje mbuzi alipiga chafya.

"Mpaka sasa, Mbwana?" Mkewe aliuliza kwa sauti ambayo Yahaya hakuwahi kuisikia kwake. "Mpaka sasa hivi uko nao?"

"Mpaka sasa hivi. Ndiyo maana naongea taratibu."

Na hapo ndipo Yahaya akaona. Aliona vizuri kile alichokuwa anakitazama tangu aingie. Mjomba hakuwa amekaa kivivu. Mgongo umenyooka kama nguzo. Shingo imesimama, mishipa miwili imetoka pembeni kama kamba zilizovutwa. Alipokuwa anamwonyesha utosi aliinama kwa kiuno chote, taratibu, kama mtu anayeogopa kumwaga. Macho hayakupanda juu kwa sababu hayawezi kupanda juu, miaka thelathini macho yale yameangalia visigino vya mtu aliye mbele.

"Unajua," Mbwana akasema, "ndege wote wa njia ya Kondoa nawajua kwa sauti. Yule anayelia alfajiri, yule wa mvua, yule wa kucheka. Sura zao sizijui. Hata mmoja. Nataka kuangalia juu kabla sijafa, mpwa wangu. Hicho tu. Si kwamba nimechoka."

Petro akavua kofia. Hakuna aliyemwambia avue.

Yahaya alisimama pale, moyo unampiga kama amepanda mlima. Alikuwa amekuja kumwinua mzee ili asife, kumbe mzee bado kabeba, na ndicho kinachomuua. Akamtazama Mwantum. Mwantum akaitikia kwa kichwa, yaani, nenda kamtue.

"Mjomba," akasema, "simama."

Mbwana akasimama. Kama anavyosimama siku zote, magoti kwanza, kiuno baadaye, kichwa hakitikisiki. Yahaya akamkaribia uso kwa uso, kama ilivyo desturi ya kutuana. Akapandisha mikono miwili juu ya kile kichwa, akafungua viganja upana wa kasha.

"Nimeshika," akasema.

"Umeshika vizuri?"

"Nimeshika, mjomba."

"Haya."

Sasa hili ndilo ambalo Yahaya aliliapia maisha yake yote, na waliomcheka aliwaacha wacheke. Mikono ilishuka. Alitaka kuishusha mwenyewe, pole pole, kwa heshima, kama mchezo wa kumfariji mkubwa, lakini haikumsubiri. Iliteremka kwa uzito mpaka viwiko vikamtetemeka, akarudi nyuma hatua moja, jasho likamtoka. Petro, mnyapara mzima wa boma, akaruka pembeni kumpisha.

"Weka pale!" Mwantum akapiga kelele. "Pale ukutani! Si kwenye mtungi!"

Yahaya akachuchumaa, akauweka chini karibu na ukuta, kitu kisichoonekana, taratibu, upande mmoja kwanza, halafu wa pili. Akaondoa vidole kimoja kimoja. Watu wanne wakabaki wanapatazama pale sakafuni palipokuwa patupu.

Mbwana alikuwa bado kasimama. Shingo ikaanza kusogea. Kushoto kidogo. Kulia kidogo. Halafu uso wake ukapanda, polepole kabisa, kidevu kikakiacha kile kifua, na akaangalia juu. Hapakuwa na ndege wala mbingu. Palikuwa na boriti za dari, nyeusi kwa moshi, na majani yaliyopangwa juu yake, na utando wa buibui.

"Loo," akasema. "Loo, Mwantum. Hii yote iko hapa?"

"Iko hapo siku zote."

"Nani aliipanga vizuri hivi?"

"Wewe. Mwaka ule wa nzige. Ulirudi kwa siku nne tu, ukaezeka, ukaondoka."

Mzee akacheka, na machozi yakamteremkia kwenye masikio, maana bado alikuwa anaangalia juu. Petro alikuwa ameibana kofia kifuani kama yuko kanisani.

Mwantum ndiye aliyesema kwanza, na hakusema kwa ubaya. Alitazama viganja vyake vya unga.

"Na mimi je?" akasema. "Jembe, maji, kinu. Mimi nani atanitua?"

Petro akaangalia mlango. Yahaya akaangalia chini. Mbwana ndiye aliyeshusha uso, akamtazama mkewe usoni muda mrefu, kama anasoma mchana mahali alipopita usiku.

"Sijui," akasema. "Keti kwanza."

"Ugali utaungua."

"Uungue."

Na Mwantum, wallahi, akaketi. Hakuketi sana, ukingoni tu mwa kitanda cha ngozi, nusu ya mwili bado inasikiliza chungu. Lakini aliketi, mwiko juu ya mapaja. Mbwana akaketi chini karibu na miguu yake, akaegemeza kichwa kwenye ubavu wa kitanda, na kichwa kile ambacho Uzaramo na Unyamwezi vyote vilikijua kwa kusimama, kikalala upande. Dakika chache tu, akaanza kukoroma.

"Sikia," Petro akanong'ona, "na vioo?"

"Nitavibeba mimi," Yahaya akajibu.

"Wewe? Utavivunja."

"Labda. Utanitwika wewe mwenyewe?"

Petro alimpima kwa macho, kuanzia miguuni. "Nitakutwika."

"Na Kondoa, utanitua?"

"Nitakutua, kijana. Twende."

Petro akatoka kwanza, kainama. Yahaya akabaki kizingitini akiwatazama wale wawili, mmoja amelala, mwingine ameketi hajui afanye nini na mikono yake. Mwantum akamwashiria kwa kidole mdomoni, asipige kelele. Yahaya akatoka, akauvuta ule mlango mzito wa mbao, akaubana na mwili wake usilie, akaufunga.