Kelele: Zipo Kidogo

Jumamosi saa nane mchana, Mkebe alifungua mfuko wake wa plastiki na kuiweka amplifaya yake juu ya meza ya mwisho katika bwalo la shule, kwenye maonyesho ya chama cha waunda amplifaya. Meza ya mwisho aliiomba mwenyewe. Aliitwa Mkebe kwa sababu kila alichokiunda alikitia ndani ya mkebe wa biskuti. Wengine walileta maboksi ya mbao yenye vanishi, na mwalimu mmoja mstaafu alileta la kioo, watu waone nyaya zake zilivyolala. Wote walikuwa watu wazima wenye kazi na ndoa zao, lakini mle bwaloni walioneana wivu kama wake wenza.

Kazi ya vyombo hivyo ni kuipa nguvu sauti inayokwenda kwenye hedifoni, na kipimo chake kikubwa si muziki. Hakimu huvaa hedifoni bila kuchomeka wimbo wowote, hufungulia sauti mpaka mwisho, kisha husikiliza kimya. Amplifaya mbaya huvuma au hukwaruza. Kwenye fomu ya hakimu kipo kisanduku kinachoogopwa kuliko vyote, kimeandikwa "Kelele".

Ya Mkebe haikuvuma. Ndani yake mlikuwa na transfoma aliyoipata kwa muuza vyuma chakavu, iliyotolewa kwenye mtambo wa vipaza sauti wa kile kiwanda cha kushona kilichoungua miaka kumi na tisa nyuma. Katika kimya chake zilisikika cherehani, mia mbili hivi kwa pamoja, na kila moja ungeweza kuinyooshea kidole ilipo. Ulisikika mkasi ukiwekwa mezani. Safu ya tatu, upande wa kushoto, mwanamke alimwambia jirani yake kwamba gauni lile limekatwa na mtu aliyeamka kwa kugombana na mumewe. Huyo alikuwa mama yake Mkebe, aliyefia kwenye moto ule.

Siku alipomsikia mara ya kwanza, Mkebe alikagua viungo vyote, akaviona viko sawa, ndipo akamwita dada yake. Dada mtu alikuja na kitambaa cha vyombo begani, akavaa hedifoni, akakaa chini sakafuni.

"Bado anaimba vibaya," alisema, machozi yakimtiririka. "Kaka, humo ndani usiguse tena kitu."

Kila mchana siku ya kiwandani ilikwenda sawasawa na saa ya ukutani. Saa tisa kamili mtu alisema anasikia harufu ya moshi. Dakika mbili baadaye kitasa kilitikiswa, na mama yao akasema, bila kupandisha sauti, "Mlango umefungwa kwa nje. Mwiteni msimamizi, funguo anazo yeye." Saa tisa na dakika kumi cherehani zilikuwa zimenyamaza, na baadaye kengele ya asubuhi ililia na siku ile ile ikaanza upya. Ripoti ya uchunguzi ilisema mlango ulikuwa wazi na wanawake walikanyagana wenyewe.

Msimamizi huyo sasa alikuwa hakimu wa maonyesho na mwenyekiti wa chama. Walimwita Mzee Masikio, maana hakuna mvumo uliowahi kumpita. Mkebe alitaka kitu kimoja tu: mzee huyo asikie, kisha aseme ukweli wa mlango ule.

Kabla yake watu walipanga foleni. Mwalimu mstaafu alisikiliza, akatazama juu.

"Hata dari la kiwanda nalisikia," alinong'ona, na hakuligusa tena boksi lake la kioo.

Muuguzi mmoja alimtambua shangazi yake kwa kicheko, akaomba kurudia foleni.

Saa tisa kasoro dakika moja Mzee Masikio alivuta kiti.

"Shikamoo, mzee," alisema Mkebe.

"Marahaba, mwanangu."

Mzee alifumba macho. Alisikiliza dakika kumi nzima bila kujikuna. Mkebe alimchukia, na papo hapo alijivuna, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuisikiliza kazi yake vizuri namna ile. Kisha mzee alivua hedifoni na kuukunja waya taratibu.

"Sijawahi kusikia uwazi kama huu," alisema.

"Mlango umeusikia, mzee?"

"Nimeusikia."

Akachukua kalamu, akajaza fomu, akainuka. Kwenye kisanduku cha Kelele aliandika: "Zipo kidogo, mwishoni. Ziondolewe." Kikombe alipewa mwenye boksi la kioo, aliyekipokea akitazama viatu vyake.

Dada mtu, aliyekuja bwaloni kumsindikiza kaka yake, aliisoma fomu mara mbili, akaikunja, akaitia chini ya mkebe. Halafu akavaa hedifoni. Kengele ya asubuhi ilikuwa imelia, na mama yao alikuwa anavuta kiti akiuliza nani kachukua mkasi wake.

"Tokeni sasa, jamani," Mzee Masikio aliita kutoka mlangoni. "Nataka kufunga."

Watu walitoka mmoja mmoja, wakimpisha kwa heshima, kwa sababu funguo za bwalo alikuwa nazo yeye.