Jina la Binamu Mkubwa

Kufikia saa nane na nusu mchana Kasilda alikuwa amewachoka watu watatu: baba yake, mtangazaji mmoja wa redio asiyemjua hata sura, na yeye mwenyewe. Mtangazaji ndiye aliyeanzisha balaa. Alisema wezi wa siku hizi hawavunji milango, wanavunja maneno ya siri, na kwamba neno la siri lililokaa mwaka mzima ni kama halipo. Mzee Venansi, baba yake, mkulima wa Gashoho na katibu wa kwaya ya parokia, akalisikia hilo na jioni ileile akabadilisha neno la siri la kompyuta yake. Akaweka refu, lenye namba na alama. Kisha akalisahau. Hakuliandika popote, kwa sababu mtangazaji alisema lisiandikwe popote.

Na ndani ya kompyuta hiyo ndimo ilimokuwa memwari ya Kasilda, kazi ya kumaliza chuo, kurasa sitini na nane alizozichapa nyumbani likizo nzima. Nakala hakuweka. Msichana wa chuo, mwenye akili zake timamu, hakuweka nakala! Leo saa kumi kamili ofisi ya kitivo hapa Gitega ingefunga mapokezi, na ambaye hajakabidhi angesubiri mwaka mwingine.

Baba alikuwa ameileta mashine kwa gari kutoka kwao Muyinga, imefungwa kwenye kitenge, ndani ya mfuko wa unga. Hakuja peke yake. Alikuja na Nazario, baba mkubwa wa Kasilda, mzee wa miaka sabini na kitu, ambaye hakutaka mdogo wake asafiri na kitu cha thamani bila mtu. Sasa wazee wawili walikuwa wameketi kwenye benchi moja katika duka la Kamrudin, muuza redio na simu, wakimtazama binti wa mwenye duka, Rukhsar, anayetengeneza kompyuta kwenye kona ya nyuma.

"Mi naweza weka Linux hapa, itawaka bien," Rukhsar alisema. "Lakini vitu vya ndani vyote vitaenda. Na kuvisoma kwa Linux ya kwenye kle, hii flashi, nimejaribu. Fundi aliyewawekea Windows alifunga hata diski. Iko inaona gunia, haioni mahindi."

"Kwa hiyo?" Kasilda aliuliza, jicho kwenye saa ya ukutani.

"Iko njia moja. Maswali matatu. Mzee aliyajibu siku ya kwanza, miaka mitatu sasa. Akiyajibu vilevile, inafunguka."

La kwanza lilitaka jina la mnyama wake wa kwanza. Venansi akajibu bila kufikiri: Bihogo, ng'ombe wa baba yake. La pili, mahali alipozaliwa: Gashoho. Kasilda akaanza kupumua.

"La tatu," Rukhsar alisoma, "binamu yako mkubwa kuliko wote anaitwa nani?"

Venansi akaanza kukikunja upya kile kitenge.

"Baba, swali hilo."

"Nimelisikia."

"Basi jibu!"

"Sikumbuki niliandika nini."

Kasilda alishika kichwa. Hakuulizwa aliandika nini, aliulizwa binamu yake ni nani. Mtu anasahauje binamu zake? Nazario ndiye aliyemwokoa, au ndivyo Kasilda alivyodhani. Akakohoa, akasogea mbele, na kwa furaha ya mzee aliyepata kazi akaanza kuwahesabu kwa vidole. Wa shangazi, Anisia. Rukhsar akaandika Anisia. Mashine ikakataa. Wa mjomba, Yakobo, tena huyo anamzidi Anisia kwa miaka miwili. Ikakataa. Bonifasi basi, yule aliyebaki Tanzania. Ikakataa.

"Ikikosea sana itagoma," Rukhsar alionya. Akamgeukia Nazario. "Na we mzee? Si mmeniambia baba yako na baba yake walikuwa ndugu? We ndiye binamu mkubwa. Niandike jina lako?"

Nazario alicheka mpaka akafuta macho.

"Mimi? Binti, kwetu mtoto wa baba mkubwa si binamu. Ni kaka. Binamu ni wa shangazi na wa mjomba. Huyu nimembeba mgongoni kutoka Gashoho mpaka ukimbizini Tanzania akiwa na miaka mitano, njia nzima akinikojolea. Usiandike upuuzi huo, utaipoteza mashine."

"Usiandike, dada," Kasilda naye akadakia. "Tutafungiwa bure."

Venansi alikuwa anatazama viatu vyake.

"Kaka," alisema, "nenda basi utununulie soda pale ng'ambo."

"Sina kiu."

"Nina kiu mimi."

"Baba!" Kasilda alipaza sauti, hata mteja aliyekuwa akichagua chaja akageuka. "Saa tisa na robo! Miaka minne nimesoma, na wewe unataka soda! Kumbuka! Ulikuwa wapi, ulikuwa unafikiria nini siku hiyo?"

Hapo ndipo Venansi alipoinua uso, na Kasilda akatamani asingeuliza.

Miaka mitatu nyuma ulikuwa mwaka wa kesi ya migomba. Wazee hawa wawili waligombania shamba la babu mbele ya baraza la wazee wa kilima chao na hawakusalimiana kwa miezi minane. Baadaye walipatana, wakanywa pombe ya ndizi mbele ya watu, na tangu hapo hakuna aliyethubutu kuigusa habari hiyo.

"Andika Nazario," Venansi alisema.

Rukhsar akaandika. Mashine ikafunguka.

Kasilda aliliona faili lake pale kwenye kioo, lilelile alilokuwa akililia tangu asubuhi, akakosa pa kuiweka furaha yake. Nazario alikuwa bado ameinama mbele, vidole vya kuhesabia vimebaki hewani.

"Nilikuwa na hasira, kaka," Venansi alisema.

"Nenda, Kasilda," Nazario alisema bila kumtazama yeyote. "Saa inakwenda."

Akaenda. Ndilo lililomuuma njia nzima, kwamba alikwenda, flashi mkononi, akawaacha wawili wale kwenye benchi moja. Akachapisha, akatia jalada, akakabidhi zikiwa zimebaki dakika tano. Karani akapiga mhuri huku akipiga miayo.

Aliporudi dukani alimkuta baba peke yake, mashine magotini.

"Baba mkubwa yuko wapi?"

"Amepanda gari la saa kumi."

"Amesema nini?"

"Hakusema." Venansi akafungua kiganja. Ndani yake mlikuwa na tikiti iliyokunjwa mara mbili. "Alikwenda ajansi ya magari, akarudi, akaniwekea hii hapa, akaondoka. Ya gari la saa kumi na moja. Amenichukulia kiti cha mbele, kwa ajili ya magoti yangu."